Zamda binti Mabruki na Usiku wa Ijumaa

Zamda binti Mabruki alikuwa hajang'oa hata jino moja la utoto siku baba yake alipomkalisha kwenye mkeka wa barazani, akamwekea saa mbili masikioni, moja huku na moja huku, akamwambia afumbe macho.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mdudu anatafuna, baba."

"Mmoja au wawili?"

Mtoto akasikiliza kwa makini. "Mmoja."

"Haya, fumbua utazame."

Akatazama. Mishale ya saa ya kwanza ilionyesha tisa, na ya pili ilionyesha tatu. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha panda juu ya mapaa ya soko la Tabora, na Zamda aliona kama amechezewa kiini macho. Angewezaje mdudu mmoja kutafuna mahali pawili, tena kwa nyakati mbili?

"Hii inayosema tisa ni ya gadi wa reli," baba akamweleza. "Watu wa reli huanza kuhesabu saa sita ya usiku, watu wamelala. Hii ya pili ni ya imamu. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza. Lakini umesikia mwenyewe, mama. Zinakwenda pamoja."

Mabruki bin Selemani alikuwa fundi saa, na katika mji ule hapakuwa na mtu aliyemshuku. Kila saa aliyoitengeneza aliirudisha ikiwa imetegeshwa kwa namna mwenyewe anavyoishi. Ya reli aliitegesha kireli, ya mtu wa mjini aliitegesha kimjini. Wakati ule wazee wengi hawakupenda kusoma namba ya upande wa pili kama tufanyavyo leo. Walitaka mshale wenyewe uwaambie ukweli. Mabruki naye alishika jambo moja maisha yake yote: mtu akikuuliza saa, mjibu kama unayeapa. Aliyesema "saa nne hivi" barazani kwake aliambiwa aende kwanza akatazame, kisha arudi aseme.

Babu yake Zamda, Mzee Selemani, hakuwahi kumiliki saa. Ujanani alibeba mizigo katika njia ya misafara, Ujiji hadi pwani na kurudi, na hesabu yake yote ilikuwa angani. Aliwasimulia wajukuu jinsi walivyolivuka pori la Mgunda Mkali, midomo imepasuka kwa kiu, hadi wakafika Tura, penye visima na unga. "Tulitoka Ugogo mwezi umekufa," alisema, "tukaingia Tura umezaliwa. Mtu wa kwanza kuuona akapiga kelele, na msafara mzima, mpaka wagonjwa, ukasimama kutazama." Zamda alimwuliza kama mwezi ule wa Tura ndio huu wa Tabora. Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Kwani mwanangu umeona iko miwili?"

Zamda aliolewa na Mfaume, mchuuzi wa ngozi aliyekuwa akizunguka Nzega na Igunga, naye Mfaume akampeleka kuishi Choma, katika nchi ya wafugaji, ambako Waislamu walikuwa nyumba za kuhesabika. Lakini uhuru ulimkuta Tabora, amekuja kumwuguza baba yake. Siku ile ya tarehe nane Desemba watu walikuwa wakiingoja saa sita ya usiku, bendera mpya ipande. Jua lilipozama na adhana ya magharibi kulia, Mzee Mabruki alijikongoja hadi barazani, akawaita majirani.

"Mabwana, hongereni. Tumekuwa huru."

"Mzee Mabruki, homa imekupanda!" jirani mmoja akamtania. "Mwingereza bado yuko Dar es Salaam na kofia yake. Ngoja saa sita."

"Ngojeni ninyi. Kwangu mimi jua likizama siku imekwisha, na ya kesho imeingia. Uhuru ni kesho, na kesho ndiyo hii tuliyo ndani yake."

Wakacheka sana, lakini vicheko vikapungua kimoja baada ya kingine. Wote, kwa mara moja, waligeukia machweo na kuutazama wekundu ule uliobaki juu ya miembe ya Wajerumani, kama watu walioingia nyumbani kwao bila kujua kuwa wamekwisha vuka kizingiti. Zamda hakuyasahau maneno yale. Mzee Mabruki alifariki kabla ya mwaka kwisha, akamwachia saa ya mfukoni, mishale yake ikisema saa za nyumbani.

Choma ilimpa Zamda furaha na ikampa msiba. Mfaume alitangulia mbele ya haki. Binti yao, Tatu, alichukuliwa na surua akiwa anaanza kutamka maneno. Mama yake alimpakata, akamwona akiungua, macho yamevimba, na hakuwa na la kufanya ila kumpepea. Baada ya hapo jirani hakuugua bila Zamda kwenda kukaa naye. Kwa hiyo ilipokuja siasa ya vijiji, watu wakatoka katika miji yao iliyotawanyika porini wakajenga kwa safu, kijiji kilipotakiwa kutoa mtu wa kusomea huduma ya afya, jina lake lilitajwa na watu wote. Akaenda Nzega, akafundishwa kusafisha vidonda na kudunga sindano, akarudi na mkoba wenye msalaba mwekundu.

Kuishi kwa safu kulileta shule na kisima, na hilo ni jambo jema lisilopingwa. Lakini surua nayo haihitaji tena kuvuka pori nyumba zikigusana. Zamda alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale. Alipoambiwa kuwa iko chanjo ya surua, na kwamba chanjo hiyo hufa isipokaa kwenye barafu, aliuliza swali moja tu: "Itafikaje Choma?"

Hilo ndilo swali lililomsumbua pia Ndugu Anton, kijana wa Kinyamwezi aliyesomeshwa na mapadri, ambaye kampeni ya chanjo ilimfungulia ofisi ndogo Tabora. Alikuwa mtu mwangalifu. Barafu ndani ya sanduku lake ilidumu mchana mmoja na usiku wake, haizidi. Akaamua kuzijaribu njia zote kabla ya kutoa chanjo nyingi: reli hadi Tura na vituo vyake, lori, na baiskeli pale lori lisipopita. Kila sanduku lilifungwa kadi. Anayelitoa aandike siku na saa, na anayelipokea aandike siku na saa, pamoja na hali ya barafu. Njia itakayofika barafu ikiwapo ingepewa masanduku yote ya kijiji kile. Itakayoshindwa ingengoja hadi mwaka wa pili.

Anton alikumbuka hata ugomvi wa saa. Alijua kuwa wa reli angeandika tisa na wa sokoni angeandika tatu, na njia moja ionekane ndefu kuliko nyingine bure. Kwa hiyo akapiga mhuri juu ya kila kadi: ANDIKA SAA ZA KISWAHILI. Akaona amekwisha ziba kila tundu.

Sanduku la Choma lilipewa Masolwa, mwuza kuku aliyejulikana kwa kuendesha baiskeli Nzega na kurudi kwa njia ya ng'ombe, matenga yamepanda hadi kisogoni. Mwaka huo wa sabini na tatu, mwisho wa Septemba, jua lilikuwa kali kiasi cha ndege kukaa vinywa wazi. Masolwa alitoka Nzega Alhamisi, kumepambazuka vizuri, sanduku limefungwa nyuma kwa mipira na kufunikwa gunia lililoloweshwa.

Jioni hiyo Zamda na majirani zake wachache Waislamu walikuwa uwanjani, shingo juu, wakiutafuta mwezi wa Ramadhani. Vumbi lilikuwa zito magharibi. Wengine walikwisha kata tamaa. Ghafla kengele ya baiskeli ikalia.

"Hodi! Bibi Zamda! Njoo umpokee mgeni wako kabla hajawa supu! Shikamoo!"

"Marahaba, Masolwa! Umefika, mwanangu!"

"Nimefika, miguu iko njiani inakuja. Mbona mmesimama kama twiga? Mnatafuta nini juu?"

"Tunatafuta mwezi."

Masolwa akageuka, akakunja jicho moja, akanyoosha kidole. "Si ule pale? Kwenye pengo la ule mti uliokauka."

Na kweli. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali, unakaribia kuzama. Kisha bibi mmoja akasema, "Haya, Msukuma asiyefunga ndiye aliyetufungisha!" na kicheko kikazagaa uwanja mzima.

Walipofungua sanduku kicheko kikakoma. Watoto wa Choma, na wengi wa wakubwa wao, walikuwa hawajaona barafu. Vipande vilikuwa vimebaki vidogo, vikielea, vinametameta kwenye mwanga wa kandili. Mzee mmoja akagusa, akarudisha mkono mbio. "Yanauma!" akasema. "Maji yanauma!" Akagusa tena, polepole, akanong'ona kwa Kisukuma maneno ambayo mtu huyasema akipita kwenye makaburi ya wakubwa. Zamda naye alishika kipande kimoja kikayeyuka kiganjani, na akaona ajabu kuwa uhai wa mtoto unaweza kutegemea kitu kinachokufa hivyo mkononi mwako.

Akatazama saa ya baba yake, akaandika kwenye kadi kwa mwandiko wake mzuri wa chuoni: *Limefika Choma. Ijumaa, saa moja usiku. Barafu ipo.* Kisha akaenda kusali tarawehe. Asubuhi yake, funga ya kwanza, aliwadunga watoto wote aliopata dawa yao, wachache tu, kwani lile lilikuwa sanduku la majaribio. Mama waliobaki aliwaambia wangoje la pili.

Kadi ilirudi na gari la pamba wiki iliyofuata. Majibu yalikuja Ramadhani imefika katikati. Katibu wa kijiji, Ndugu Mahona, aliyasoma mbele ya watu, na sauti yake ikazidi kushuka kadiri alivyoendelea. Sanduku la Choma lilitoka Nzega Alhamisi asubuhi, likafika Ijumaa usiku. Chanjo ilikwisha haribika njiani. Watoto waliodungwa wahesabiwe kuwa hawajachanjwa. Tena mpokeaji aliandika kuwa barafu ilikuwapo, jambo lisilowezekana kwa muda huo, kwa hiyo maneno yake yasitegemewe. Njia ya baiskeli imefutwa. Choma ingoje mwakani.

Siku tatu kabla yake habari zilikuwa zimekuja kwamba surua imeingia kijiji cha jirani.

"Ijumaa?" Masolwa akaruka. "Nani kasema Ijumaa? Nilitoka Alhamisi nikafika Alhamisi!"

"Ulilala kwa nani njiani, Masolwa?" mtu akapiga kelele nyuma. "Pombe ya huko tamu, ee?"

"Sikulala! Bibi Zamda, waambie!"

"Hakulala," Zamda akasema. "Alifika usiku wa Ijumaa, kama nilivyoandika."

Masolwa akamtazama kama aliyepigwa kofi. "Kumbe ni wewe? Wewe ndiye uliyeniandikia Ijumaa?"

"Si ndiyo siku uliyofika?"

"Nilifika Alhamisi, bibi! Mbona unanizika mchana?"

"Ulifika jua limezama. Alhamisi ilikuwa imekwisha."

"Imekwishaje na sijala chakula cha jioni?"

Watu wakacheka, lakini Masolwa hakucheka, wala Zamda. Zamda sasa aliona jinsi kosa lilivyopita: lilipita mlangoni, mchana kweupe, limevaa nguo za kila siku. Kwake usiku huutangulia mchana wake, kama mama anavyomtangulia mtoto. Usiku wa Ijumaa ni ule ambao watu hulala na kuamkia sala ya Ijumaa. Alikuwa hajui, katika miaka yote aliyoishi na majirani hawa, kwamba wao huufunga usiku kwenye mkia wa mchana uliopita. Walikuwa wameagana mara ngapi, "tuonane usiku wa Jumatano," na mmoja akaja na mwingine asije, kila mmoja akamwona mwenziwe hana ahadi?

Alitazama safu za nyumba, na mama waliosimama na watoto mgongoni wakingoja aseme neno.

"Nakwenda Tabora," akasema.

"Nami nakuja," Masolwa akajibu. "Jina langu halitabaki huko peke yake likitukanwa."

Wakasafiri kwa lori hadi Igunga, kisha basi, Zamda na saumu yake, Masolwa amenuna kimya, ila njiani alimkinga jua kwa kofia yake bila kusema kitu. Huko Tabora, Zamda alipita mbele ya baraza la baba yake. Sasa palikuwa pa mshona viatu. Hakusimama.

Anton aliwapokea kwa adabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye yule wa Choma ambaye maneno yake yasitegemewe."

Kijana akainamisha macho, kisha akayainua. Hakuwa mtu wa kukimbia alichoandika. "Mama, sikukuandikia hayo kwa chuki. Barafu ya mchana na usiku haiwezi kuwapo baada ya siku mbili. Ama siku si kweli, ama barafu si kweli. Nikiipeleka chanjo iliyokufa, mzazi ataamini mtoto wake amekingwa, naye hajakingwa. Huo ni uongo mbaya kuliko kumwambia angoje. Wewe ungefanyaje?"

"Ningefanya hivyo hivyo," Zamda akasema, na hakuwa akijipendekeza. Mabruki mwenyewe angefanya hivyo.

"Basi lipi si kweli?"

"Yote kweli."

Masolwa akaguna. "Umeona, Ndugu? Ndivyo tulivyokuja naye tangu Igunga."

Zamda akatoa saa ya mfukoni, akaiweka mezani. Anton akaitazama, akatazama ya ukutani. Ilikuwa asubuhi, ya ukutani ilionyesha kumi, na ile ndogo ilionyesha nne.

"Hii iko nyumbani, ile iko relini," Zamda akasema. "Haya uliyajua, ukatupigia mhuri. Lakini mwanangu, kama tunaanza kuhesabu saa mahali mbalimbali, hukufikiri huenda na siku tunaianza mahali mbalimbali?"

Akamweleza. Akamweleza kuhusu magharibi na usiku unaotangulia, na jinsi sanduku lilivyoingia uwanjani jua limekwisha zama, Alhamisi ya Masolwa ikiwa Ijumaa yake. Anton alisikiliza, kalamu imesimama mkononi. Alikuwa amekulia Tabora, alikuwa amesikia watu wakisema usiku wa Ijumaa tangu utotoni, na hakuwahi kuuliza ni usiku upi.

"Nakusadiki, mama," akasema. "Lakini kusadiki kwangu hakuandikwi kwenye kadi. Mtu mwingine atasema umekuja kumwokoa kijana wako. Nipe kitu ambacho si neno lako wala lake."

"Mwezi," Masolwa akasema.

Wote wakamgeukia.

"Nilipofika walikuwa wanautafuta. Mimi ndiye niliyewaonyesha. Mwembamba hivi." Akakata hewa kwa ukucha wa kidole gumba. "Walinicheka, wakasema Msukuma amewafungisha. Waulize wote."

"Ulikuwa mwezi wa Ramadhani," Zamda akasema. "Jioni ile uliandama."

Anton aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayeogopa kukitisha kitu kilichotua karibu naye. Akasimama, akafungua kabati, akatafuta kati ya kadi za njia ya reli, akatoa moja.

"Hii niliiandika mwenyewe," akasema. "Nilikwenda na sanduku la Tura. Treni ilichelewa. Nilipotaka kushuka abiria walikuwa wameziba mlango wa behewa, wanapiga makofi na kupiga kelele, nami nikawakasirikia kwa kuwa barafu inayeyuka. Mwanamke mmoja akaniambia, 'Kaka, hasira ya nini, tazama mwezi.' Nikatazama. Ulikuwa juu ya reli, upande tuliotokea, mwembamba kama alivyosema huyu. Nikasimama na sanduku mkononi. Sikumbuki nilisimama muda gani. Kisha nikaandika."

Akaiweka kadi ya Tura kando ya kadi ya Choma. Mwandiko wake na mwandiko wa Zamda. *Limefika Tura. Alhamisi, saa moja usiku. Barafu ipo.* Na: *Limefika Choma. Ijumaa, saa moja usiku. Barafu ipo.*

Nje mtu aliita punda wake, na sauti ile ilionekana kutoka mbali sana. Zamda alizitazama kadi mbili na masikio yake yakaanza kusikia kitu alichokisikia akiwa mtoto, macho yamefumbwa, saa huku na saa huku. Mwezi mmoja ulining'inia juu ya nchi nzima ya Unyamwezi. Kijana wa mapadri aliutazama akiwa Tura, mahali pale pale ambapo msafara wa babu yake ulisimama na wagonjwa wake, na Msukuma mwenye baiskeli akautazama kwenye pengo la mti uliokauka. Mmoja akauita wakati ule Alhamisi na mwingine akauita Ijumaa, na wote wawili walisema kweli kwa kiapo, na mwezi haukujua lolote kati ya majina hayo. Ulikuwa unazama tu.

"Mungu wangu," Anton akasema polepole. "Tulikuwa tunatazama pamoja."

Masolwa alivua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Baadaye Anton akarudi kiti chake, na alipoanza kusema alikuwa yule mtu mwangalifu tena. "Kosa si lako peke yako, mama, na silibebi peke yangu. Mimi nilidhani kila mtu anaianza siku ninapoianza mimi. Wewe je?"

Zamda aliona uchungu wa swali lile, na akaona pia haki yake. "Nami hivyo hivyo. Niliandika kama ninayejiandikia mwenyewe. Nilisahau kuwa atakayesoma hakulelewa barazani kwa baba yangu. Baba yangu alimtegeshea kila mtu saa yake, nami sikumtegeshea msomaji wangu."

Anton akachukua kadi mpya, akaandika kwa herufi kubwa chini ya mhuri wake, akasoma kwa sauti kila neno kabla ya kuliandika: *Kama jua limezama, andika: usiku wa kuamkia siku fulani.* Akamwuliza Zamda kama mtu wa Choma angelielewa. Akamwuliza Masolwa pia. Masolwa akafikiri.

"Kuamkia naelewa," akasema. "Kila mtu huamka. Hata mlevi."

Siku ile ile Anton akaifuta ile hukumu, akaandika nyingine. Chanjo ya Choma ilifika hai. Watoto waliodungwa wamechanjwa. Njia ya baiskeli imekubaliwa, na sanduku la pili, kubwa, litoke Nzega mara moja.

Masolwa alilichukua Nzega siku ya tatu yake. Zamda alimsindikiza hadi mwanzo wa njia ya ng'ombe, kisha yeye mwenyewe angepanda gari kupitia Igunga, atangulie kufika. Kijana alikuwa amekwisha kanyaga pedali moja, akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile isomwe uso wake ulikuwa umefunguka.

"Bibi, nifike siku gani safari hii? Yako au yangu?"

"Fika kabla jua halijazama, tusigombane."

Akafika jua lingali juu ya ule mti uliokauka, limekuwa jekundu na kubwa. Akina mama walikuwa wamekwisha jipanga tangu alasiri, watoto mgongoni, mstari kutoka mlango wa Zamda hadi kisimani. Surua iliyokuwa kijiji cha jirani ilikuja Choma mwezi uliofuata, ikapita kwenye safu zile za nyumba, ikaondoka bila kumchukua mtoto hata mmoja.

Lakini hilo lilikuwa bado mbele. Jioni ile, kabla ya kushika sindano ya kwanza, Zamda alifungua saa ya baba yake, akaitazama, akachukua kadi. Akaandika *Jumatatu*. Akanyanyua macho kulitazama jua, na Masolwa, na mama wote mstarini, nao wakageuka kulitazama. Bado lilikuwapo. Akaandika saa, akaandika *barafu ipo*, na ndipo akamwita mtoto wa kwanza.